Jiwe la kurusha na jiwe la kukalia



Leo naomba tuzungumze habari za mpira wa miguu. Najua wapo watakaosema kwamba Jumapili ina mambo mazito zaidi, hasa kipindi hiki ambacho maisha yamebana kila upande. Lakini mimi ni mkazi wa Majengo, hapa Songea, na mtu wa Majengo anajua kuwa maneno tunayoyasema Jumamosi jioni tukitoka uwanjani ndiyo tunayoingia nayo kanisani Jumapili asubuhi. Mdomo ni uleule, na moyo ni uleule.

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili usije ukadhani nimepanda mimbarini kukuhubiria wewe.

Ni miaka kadhaa sasa imepita. Timu sitaitaja na mwaka sitautaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Timu niliyokuwa naishangilia ilikuwa inafungwa. Inafungwa ugenini, inafungwa nyumbani, na siku isipofungwa inatoka sare na timu ambayo kila mtu alijua ni dhaifu. Kocha wake alikuwa amepanga vyumba viwili mtaani kwetu, yeye na mkewe na mtoto wao wa kiume wa miaka kama tisa hivi. Tulikuwa tunakutana kwa muuza mkaa, tunasalimiana, kila mtu anashika njia yake.

Jumamosi moja tulikuwa tunaongoza kwa bao moja. Zimebaki kama dakika ishirini, kocha akamtoa kijana wa winga ya kulia, ambaye ndiye alikuwa anawasumbua wapinzani mchana kutwa, akamwingiza beki. Jukwaa zima lilisimama. Hata mtoto mdogo aliona kwamba tumeamua kujifungia ndani na kumkaribisha mgeni mlangoni. Likaingia bao la kwanza, likaingia la pili. Nami nikasimama juu ya kiti, nikapaza sauti. Mungu amenijalia sauti nzito, ndiyo maana niko kwaya. Nilisema maneno kuhusu akili ya yule kocha, nikaendelea hadi kwa mama yake mzazi. Siwezi kuyaandika hapa. Watu walicheka, nami kicheko chao kikanipa nguvu ya kuongeza.

Safu mbili chini yangu mtoto mmoja aligeuka akanitazama. Alikuwa ni yule mtoto wa kocha. Hakulia. Alinitazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi, halafu akageuka tena kutazama uwanja.

Kesho yake ilikuwa Dominika ya Tatu ya Kwaresima, na zamu ya kusoma somo la kwanza ilikuwa yangu. Somo la siku hiyo lilitoka Kitabu cha Kutoka, sura ya 17: Waisraeli wamefika Refidimu, hakuna maji ya kunywa, watu wanamshambulia Musa. Nilisoma vizuri, kwa sauti ileile ya jana. Nilipofika mahali Musa anapomlilia Mungu kwamba watu hawa wamebakiza kidogo tu wampige mawe, niliinua macho kama tulivyofundishwa. Katika benchi la nne alikuwa amekaa kocha, mkewe na mtoto. Mtoto alikuwa ameshaitambua sauti. Alimvuta baba yake mkono wa shati, akamnong'oneza jambo.

Ulipofika wakati wa kutakiana amani, nilikuwa nimerudi kwenye benchi langu, jirani na lao. Kocha alinyoosha mkono. "Amani, mzee wangu," akasema. Nilimpa mkono. Sikusema kitu.

Ndugu msomaji, tangu siku ile sura hiyo ya 17 sijaweza kuisoma kama zamani. Nataka tuipitie pamoja leo, taratibu, kwa sababu ndani yake kuna shabiki, kuna kocha, na kuna mawe.

Jambo la kwanza ni hili: kiu ya wale watu ilikuwa ya kweli. Hawakuwa wanadeka. Walikuwa jangwani na watoto na mifugo, na maji hayakuwapo. Ukisoma kwa makini utaona kwamba Mungu hakuwakemea kwa kuwa na kiu. Aliwapa maji. Alimwambia Musa aende mbele ya watu, achukue fimbo yake na baadhi ya wazee, aupige mwamba wa Horebu, na maji yakatoka wakanywa.

Nasema hivi kwa sababu wapo watumishi wa Mungu wanaodhani shabiki anayeumia ni mtu asiye na kazi. Njoo Songea nikuonyeshe kiu. Mji huu una timu iliyobeba jina la vita ya babu zetu, Majimaji. Kila mwaka mwezi Februari tunawakumbuka mashujaa ambao Wajerumani waliwanyonga hapa mjini tarehe 27 Februari 1906. Timu yenyewe tunaiita Wanalizombe, kwa jina la ngoma ya Wangoni. Kwa hiyo kijana anapovaa jezi ya Majimaji hajavaa kitambaa tu, amevaa ukoo.

Na timu hiyo haikuwa ya kusindikiza wengine. Wazee wa hapa watakusimulia miaka ya 1985 na 1986, Majimaji ilipotwaa ubingwa wa Muungano mara mbili mfululizo, na wengine watakusimulia tena mwaka 1998. Simba na Yanga walikuwa wakisikia safari ya Songea wanajua si safari ya matembezi. Kisha ukaja ukame. Timu ikapotea Ligi Kuu kwa miaka mingi. Iliporudi msimu wa 2015/2016 mji ulifurika furaha; niliona watu wazima wakikumbatiana barabarani. Misimu mitatu baadaye, mwaka 2018, ikashuka daraja, na mpaka leo hatujaiona tena Ligi Kuu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kushuka sasa yuko shuleni, na mapenzi yake yote ya mpira anayapeleka kwenye kibanda umiza, kwa Arsenal na Manchester City. Akiona jezi ya Majimaji ya babu yake anauliza hiyo ni timu ya nchi gani.

Hiyo ni kiu. Mtu aliyetoa kiingilio kwa fedha ambayo nyumbani ingenunua unga wa siku mbili, akasimama juani dakika tisini, akaona timu yake inacheza bila mpango, ana haki ya kuuliza. Hata Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu mpaka lini. Kama Mungu mwenyewe anakubali kuulizwa, kocha ni nani asiulizwe?

Tatizo halikuwa kiu. Tazama walichoifanyia kiu yao. Walimgeukia mtu mmoja. Walisahau Farao, walisahau bahari iliyopasuka, walisahau mana waliyoila wiki ileile. Walimwambia Musa kwamba aliwatoa Misri ili aje awaue jangwani. Kutoka shida ya maji wamefika kwenye nia ya mtu: kwamba yeye anataka tufe. Kisha mikono ikainama kuokota mawe.

Sisi mashabiki tunaijua njia hiyo vizuri. Tunaanza kwa kusema kwamba kiungo hakabi. Tunaendelea: kocha haoni kwamba kiungo hakabi. Halafu: kocha amekula fedha ili tufungwe. Mwisho tunamtaja mama yake. Kila hatua tunaona ni ndogo, na hatujui ni wapi tulipovuka mpaka.

Na kumbukumbu yetu ni fupi kama ya Waisraeli. Kumbuka Taifa Stars. Tulikaa tangu mwaka 1980 bila kukanyaga fainali za Mataifa ya Afrika, miaka 39. Tarehe 24 Machi 2019 tukaifunga Uganda mabao 3-0 pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, tukafuzu chini ya kocha Emmanuel Amunike kutoka Nigeria. Usiku ule hapakuwa na mtu wa kulala. Tukaenda Misri mwezi Juni, tukafungwa na Senegal, tukafungwa na Kenya, tukafungwa na Algeria. Mwezi Julai Amunike hakuwa kocha wetu tena. Sisemi kwamba hakukosea, na sisemi kwamba waliomwajiri walikosea kuachana naye; hizo ni hesabu za watu wa mpira. Ninachosema ni kwamba kutoka Machi hadi Julai ni miezi minne. Kwa miezi minne mtu alitoka kuwa Musa wa baharini akawa Musa wa Refidimu, na midomo iliyomwimba ndiyo iliyomtukana.

Wenye Manchester United yao humu Majengo wananijibu kwamba Ulaya hawana mchezo, kocha akiharibu anaondoka. Basi nawakumbusha Alex Ferguson. Aliichukua timu hiyo Novemba 1986, mwaka uleule ambao sisi Songea tulikuwa mabingwa. Miaka mitatu baadaye hakuwa na kombe hata moja, na mashabiki wake walipeleka uwanjani bango la kumtaka aende zake. Kombe la kwanza alilipata Mei 1990. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa amebeba ubingwa wa ligi mara 13. Sitoi mfano huu ili kusema kila kocha anayefungwa ni Ferguson aliyejificha. Wengi sio. Nautoa ili mimi na wewe tukubali kwamba tukiwa jukwaani, na hasira zetu, hatuwezi kujua yupi ni yupi. Mkulima wa kahawa kule Mbinga akipanda mche wake anasubiri miaka mitatu hivi ndipo auone ukizaa. Akiung'oa mwaka wa pili kwa hasira hatajua kamwe kama ulikuwa mche mbaya.

Jambo la pili. Jiwe humpata aliyesimama wazi. Musa alipigiwa kelele kwa sababu alionekana. Kocha naye yuko hivyo. Mechi nzima amesimama pembeni ya mstari, peke yake, mbele ya watu wote. Aliyechelewesha mishahara haonekani. Aliyesema timu itasafiri kwa basi kutoka Songea mpaka Bukoba, zaidi ya kilomita elfu moja, wafike usiku na wacheze kesho yake, haonekani. Aliyesajili mshambuliaji kwa sababu ni mtoto wa rafiki yake haonekani. Na mimi mwenye umri wa kuwa mzazi wa hao wachezaji, ambaye sijawahi kuchangia hata mpira mmoja kwa timu ya watoto wa mtaa wangu, sionekani pia. Nimekaa juu, nimejificha ndani ya watu elfu, na sauti yangu nzito.

Na siku hizi huhitaji hata kwenda uwanjani. Jiwe unaliokota kitandani, kwenye simu, unalirusha katika kundi la WhatsApp, na kabla hujageuka upande wa pili watu mia wamelichukua na kulirusha tena. Kocha ana mke anayesoma. Ana mtoto anayekwenda shule na watoto wetu.

Sasa twende mwisho wa sura hiyohiyo, maana hapo ndipo nilipokamatwa. Wengi tukimaliza habari ya mwamba tunafunga kitabu. Lakini watu wale walipokuwa bado Refidimu, palepale, Waamaleki walikuja kupigana nao. Yoshua akashuka bondeni na wapiganaji. Musa akapanda kilimani na fimbo yake. Hakushika upanga. Kama kocha asivyougusa mpira, naye alisimama tu pembeni, mikono juu. Mikono ikiwa juu, Israeli wanashinda. Mikono ikishuka, wanashindwa. Na Biblia inatuambia jambo la kibinadamu kabisa: mikono ya Musa ilikuwa mizito. Alichoka.

Haruni na Huri walikuwa naye. Wangeweza kumwambia kwamba amechoka, ashuke apande mwingine. Wangeweza kugeuka kuwatazama watu na kunyoosha kidole. Walichofanya ni kutafuta jiwe. Wakalileta, wakaliweka chini yake, akakalia. Kisha wakamshika mikono, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likazama.

Jiwe, ndugu msomaji. Refidimu ni palepale. Mawe ni yaleyale ya nchi ileile. Mwanzoni mwa sura watu wameyatazama mawe yale wakaona kitu cha kumrushia Musa. Mwishoni mwa sura watu wawili wameyatazama wakaona kitu cha kumkalisha Musa. Na huyo Musa hakubadilika katikati; alikuwa ni mzee yuleyule mwenye fimbo ileile. Kilichobadilika ni mikono ya waliomzunguka.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo nakuuliza na wewe: katika mwaka mzima ambao nimelalamika juu ya timu yangu, nimewahi kumletea mtu yeyote jiwe la kukalia?

Sasa nakusikia unaninong'oneza: "Mwandishi, kwa hiyo tunyamaze? Tufungwe kila wiki tukipiga makofi?" Hapana. Geuza ukurasa mmoja tu, sura ya 18. Anakuja Yethro, baba mkwe wa Musa, na huyu ndiye mkosoaji ambaye kila shabiki angepaswa kumsoma.

Tazama mwenendo wake. Kwanza alimsikiliza Musa akisimulia walikotoka, akafurahi pamoja naye. Kesho yake alikaa akatazama kazi inavyokwenda, tangu asubuhi hadi jioni, siku nzima. Hakutoa neno dakika ya ishirini. Baada ya kutazama akauliza: kwa nini unafanya hivi, peke yako? Akasubiri jibu. Ndipo akasema bila kupaka rangi kwamba jambo unalolifanya si jema, utajichosha wewe na utawachosha watu hawa. Alilisema uso kwa uso, si nyuma ya mgongo. Na hakuishia kwenye kusema si jema. Alileta mpango, wachaguliwe watu waaminifu, wagawane mzigo, wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Mwisho akarudi nchini kwake. Hakubaki kambini kukigombea kiti cha Musa.

Na Musa alisikia. Hilo nalo tuwaambie makocha na viongozi wetu. Kuna makocha ambao ukiwauliza swali la adabu wanakujibu kwamba hujasomea mpira. Yethro naye hakuwahi kuvuka Bahari ya Shamu. Kiongozi asiyesikia mpaka arushiwe jiwe anawafundisha watu kurusha mawe.

Tena kuna wakati kocha inabidi aondoke. Mkataba una mwanzo na mwisho, na timu ni mali ya watu, haiwezi kuangamia kwa ajili ya kumhurumia mtu mmoja. Lakini kuna namna ya kumwondoa mtu bila kumvunja. Aitwe, aambiwe ukweli, ashukuriwe kwa alichofanya, alipwe stahili zake zote kabla ya kupanda basi. Mtume Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Nafikiri zipo timu nchini mwetu ambazo zingetafuta sababu ya kufungwa kwake katika aya hiyo kabla ya kuitafuta katika mfumo wa uchezaji.

Huenda wewe si mtu wa mpira kabisa na umesoma mpaka hapa kwa heshima tu. Basi weka jina lingine mahali pa kocha. Weka mwalimu wa mwanao, ambaye matokeo ya kidato cha nne yakitoka vibaya unataka afukuzwe, wakati daftari la mtoto hujalifungua mwaka mzima. Weka paroko wako, katekista wako, mwenyekiti wa mtaa. Weka mume anayehangaika, au mke aliyechoka. Katika kila nyumba kuna mtu mmoja ambaye mikono yake imekuwa mizito, na wengine tunatazama tu inavyoshuka, tukihesabu mabao.

Nimalizie habari yangu. Baada ya misa ile nilipanga kwenda nyumbani kwa kocha kuomba msamaha. Jumapili hiyo sikwenda, niliona aibu. Jumatatu nilikuwa na kazi. Wiki iliyofuata timu ilifungwa tena, nikaona si wakati mzuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja timu ishinde ili msamaha uwe rahisi. Wiki ya tatu nilinyoa ndevu, nikanunua mkate na kilo mbili za sukari, nikaenda.

Mlango ulikuwa na kufuli. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanua mahindi uani. Akaniambia, "Baba, umechelewa. Wameondoka juzi na basi la alfajiri." Nikamuuliza mtoto je, si bado shule hazijafunga? Akasema wameondoka naye, alikuwa hataki tena kwenda shule, wenzake walikuwa wanamtania maneno ya uwanjani. Kisha akanyamaza akanitazama, sijui kama alijua au hakujua. Nilimwachia yeye ule mkate na sukari.

Sikuwahi kumpata. Namba yake ya simu haikuita tena. Padre nilimwungamia, na Mungu naamini amenisamehe, lakini yule mtoto sijui. Leo atakuwa kijana mkubwa. Kama ni msomaji wa gazeti hili, nami ningependa sana awe, basi naandika hapa mbele ya watu wengi, kwa sababu nilimtukana baba yake mbele ya watu wengi: Mwanangu, baba yako hakustahili maneno yale. Nilikosa. Naomba unisamehe, na mfikishie na yeye.

Siku hizi jioni, jua likipoa, kuna kijana mmoja anawafundisha mpira watoto wa hapa Majengo. Halipwi na mtu. Watoto wake wanafungwa mara nyingi kuliko wanavyoshinda, na mara nyingi sikubaliani na anavyowapanga. Nikiona jambo namwambia baada ya mazoezi, tukiwa wawili. Jirani yangu mmoja huleta dumu la maji. Mwingine, fundi viatu, hushona mipira iliyopasuka. Mimi sina utaalamu wowote, kwa hiyo nabeba benchi la mbao kutoka barazani kwangu, naliweka pembeni ya uwanja, ili yule kijana akichoka apate pa kukaa.

Jumapili hii, ndugu msomaji, kabla hujafungua redio kusikiliza matokeo, mfikirie mtu mmoja ambaye umekuwa ukimrushia maneno. Kiu yako inaweza kuwa ya haki kabisa. Muulize Mungu hiyo kiu, naye atajua mwamba wa kuupiga. Lakini mkono wako ukishafika chini na kulishika jiwe, simama kidogo ulitazame. Halafu kabla jua halijazama, nenda kwake. Usingoje ashinde kwanza. Mimi nilingoja wiki tatu, nikakuta kufuli.

Nakutakia Dominika njema.